Chagua Kishale Kabla ya Bunduki

Boksi la bunduki ya sponji limechorwa ili likuuzie bunduki. Picha kubwa ni ya bunduki, jina ni la bunduki, na namba ya umbali iliyoandikwa kwa herufi nene inaisifu bunduki. Vishale vyenyewe, yaani vijiti vya sponji vyenye kichwa cha mpira ambavyo ndivyo vinavyorushwa, vinatajwa kwa mstari mmoja huko chini: vimo 12, au vimo 20. Mwongozo huu unakuomba ulisome boksi kuanzia huko chini. Iwe unamtafutia mtoto wa dada yako zawadi, au unataka kifaa cha kucheza mwenyewe na wenzako siku za mapumziko, amua kwanza ni kishale gani utaweza kuendelea kukipata, kitakugharimu kiasi gani kikipotea, na kitampiga vipi yule kitakayempata. Ukishajibu hayo, bunduki za kuchagua huwa zimebaki chache na kazi imekuwa nyepesi.

Nalisema hili kwa sababu ufundi wa kurusha kishale umekwisha kujulikana na kila mtengenezaji. Nerf ilianza mwaka 1969 ikiwa mpira wa sponji wa kuchezea ndani ya nyumba, uliobuniwa na Reyn Guyer na kuuzwa na kampuni ya Parker Brothers. Mwaka 1991 jina hilo liliangukia mikononi mwa Hasbro, na mwaka uliofuata ikatoka Sharpshooter, bunduki yake ya kwanza ya vishale. Leo njia kuu za kurusha ni mbili. Kwenye bunduki ya springi unavuta mpini na kuikoki. Ukifyatua, springi inaachia, pistoni inasukuma hewa iliyomo kwenye silinda, na hewa inakitoa kishale. Kwenye bunduki ya mota, betri huzungusha magurudumu mawili madogo, na kishale kikipenyezwa katikati yake hubanwa na kutupwa nje. Lonnie Johnson, mhandisi aliyewahi kufanya kazi NASA na aliyebuni bunduki ya maji ya Super Soaker, alikuwa na mchango mkubwa katika Nerf za kutumia hewa, kiasi kwamba mwaka 2013 msuluhishi aliamua Hasbro imlipe mrabaha wa dola milioni 72.9. Fedha hizo zinaonyesha ukubwa wa soko. Lakini leo kampuni ya Zuru inayotengeneza X-Shot, au wale wa Dart Zone, wanatumia pistoni na magurudumu yaleyale kwa uhodari uleule, na mara nyingi kwa bei ndogo zaidi. Tofauti inayobaki kati ya bunduki moja na nyingine imehamia kwenye kile inachokubali kumeza.

Hapa inabidi uzijue familia za vishale, kwa kuwa ndizo zitakazokuamulia. Mwaka 2012 Hasbro ilitoa Elite: kishale cha buluu chenye kichwa cha chungwa, urefu wa sentimita 7 na kidogo, unene wa milimita 13 hivi, uzito wa takriban gramu 1. Kipimo hicho kikawa cha watu wote. Kampuni nyingine zilitengeneza bunduki zinazokikubali na vishale vinavyolingana nacho, hata leo unaweza kuchukua kishale cha X-Shot kikatumika kwenye Nerf ya Elite, na cha Nerf kwenye bunduki ya jirani. Kisha Hasbro yenyewe ikaanza kutoa familia zilizofungwa. Mega, mwaka 2013, ni kishale kinene chekundu. Rival, mwaka 2015, hairushi kishale kabisa bali vimpira vya sponji. Ultra ilitoka 2019 na kishale chake chenyewe, na N Series ikafuata 2024 na kingine kinachoitwa N1, ambacho hakiingiliani na Elite. Kila familia ilitangazwa kuwa inakwenda mbali zaidi au inalenga vizuri zaidi. Kila familia pia ilimfunga mnunuzi kwa namna ileile ambayo printa humfunga mtu kwa wino wake: kifaa unakinunua mara moja, lakini kinachoisha unakinunua kila siku, na muuzaji ni mmoja.

Na vishale huisha. Kimoja huingia nyuma ya kabati, kingine huenda juu ya paa, mbwa anatafuna cha tatu, cha nne kinakanyagwa hadi sponji inajikunja na hakinyooki tena. Kichwa cha mpira nacho hubanduka gundi ikichoka. Bunduki iliyokuja na vishale 12 inaweza kubaki na vitano kabla ya mwezi kuisha, na bunduki ya magazini ya vishale 25 ikiwa na vitano si mchezo tena. Mtu anayeishi Marekani au Uingereza anaweza kuagiza vya kujazia bila taabu, vya familia yoyote ile. Lakini kama zawadi hiyo inasafiri kwenda Mwanza au Kisumu ndani ya sanduku la shangazi, fikiria nani atavipata vishale vya Ultra huko. Vya kipimo cha Elite, hata visivyo na jina la kampuni yoyote kubwa, huuzwa kwa mifuko na maduka ya vitu vya watoto na ya mtandaoni. Mpe mtoto bunduki ya kawaida ya Elite pamoja na mfuko wa vishale 100, na umempa mchezo wa mwaka mzima. Mpe bunduki kubwa ya kishale cha peke yake, na umempa pambo la ukutani litakaloanza kuvuta vumbi mapema.

Najua jibu linalotolewa dhidi ya hoja hii: kwamba familia zilizofungwa ni bora zaidi, na anayejali ubora atakubali kulipa. Jibu hili linastahili kupimwa kwa uzito wake, maana kwa upande mmoja lina ukweli. Vimpira vya Rival, kwa kuwa ni vya mviringo na bunduki zake huvirusha kwa kasi ya mita 30 hivi kwa sekunde, huenda pale ulipolenga kuliko kishale cha kawaida cha Elite, ambacho mwili wake mrefu na mwepesi huyumba hewani. Kundi la vijana wa miaka 14 na kuendelea walioamua kwa pamoja kununua Rival, wakachanganya vimpira vyao na kuvikusanya pamoja, hawakukosea. Mega kubwa nazo humfurahisha mtoto kwa ule mluzi wa vishale vyake. Lakini linapokuja suala la umbali, madai mengi ya kwenye maboksi hayahimili hesabu ya darasani.

Maboksi ya Elite nchini Marekani yameandikwa hadi futi 90, yaani mita 27 hivi. Ya Ultra yakaandikwa hadi futi 120, zaidi ya mita 36. Sasa chukua kishale cha Elite kinachotoka mdomoni kwa mita 21 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa bunduki hizi. Mchezaji ameishika usawa wa kifua, mita 1.2 kutoka chini, analenga mbele moja kwa moja. Kitu chochote kikiachwa kutoka kimo hicho hufika chini kwa nusu sekunde, na kwenda mbele hakukiongezei muda wa kukaa hewani. Ndani ya nusu sekunde hiyo kishale kingekwenda mita 10 na nusu kama hewa isingekizuia; nayo hewa hukizuia sana, kwa kuwa ni chepesi. Ili kifike mita 27 lazima uinue mdomo wa bunduki juu na kukirusha kama jiwe, na hakuna anayemlenga mwenzake hivyo akitarajia kumpata. Watoto wanacheza sebuleni, ukumbini, uani. Wanapigana kwa umbali wa mita nne, sita, nane. Tofauti kati ya futi 90 na futi 120 zilizochapwa kwenye boksi haiwaongezei chochote mahali hapo.

Kinachowaongezea ni kishale kinachonyooka, na ushahidi wake ulitoka kwa Hasbro wenyewe. Mwaka 2017 walitoa vishale vya AccuStrike, vyenye mifereji iliyojipinda kichwani, vinavyoingia kwenye bunduki zilezile za Elite. Bunduki haikuguswa hata skrubu moja. Kishale tu kilibadilishwa, na ulengaji ukawa mzuri zaidi. Watengenezaji wengine nao waliuza vishale vya kipimo kilekile vyenye vichwa vifupi na laini vinavyokwenda sawa kuliko vile vya mwanzo. Kwa hiyo yule mwenye bunduki ya miaka mingi ya kipimo cha wazi anaweza kuiboresha kwa kununua mfuko mpya wa vishale. Mwenye bunduki ya kipimo kilichofungwa atasubiri kampuni ikumbuke familia ile.

Kama unataka kuzilinganisha bunduki mwenyewe, au kuwaandikia wengine maoni watakayoyatumia kununua, usianze na umbali wa juu kabisa. Tumia vishale vya mfuko mmoja kwenye bunduki zote, la sivyo utakuwa unalinganisha vishale na kuiita tofauti ya bunduki. Bandika karatasi ya A4 ukutani, simama mita sita, rusha mara kumi kwa utulivu, kisha hesabu ngapi zimegusa karatasi. Rusha kumi nyingine kwa haraka, jinsi mtoto anavyocheza kweli, na uhesabu ni mara ngapi kishale kimekwama. Rudia kwa vishale vilivyokwisha kutumika, vyenye mikunjo, maana hivyo ndivyo vitakavyokuwa ndani ya bunduki hiyo baada ya wiki ya kwanza. Mpe mtoto wa umri ulioandikwa kwenye boksi aikoki: bunduki nyingi zenye springi nzito humshinda mtoto wa miaka minane, na mtu mzima anayeandika maoni hawezi kulihisi hilo kwa mkono wake. Wapenzi wa dhati hutumia kifaa cha kupimia kasi kinachoitwa kronografu. Ni kifaa kizuri, lakini kasi peke yake haikuambii kama kishale kitafika kinakokwenda.

Kati ya springi na mota, kwa zawadi mimi napendekeza springi. Haihitaji betri, kwa hiyo inafanya kazi asubuhi ileile inapofunguliwa na pia mwaka ujao. Haina kelele ya mota inayomtangazia mwenzako kwamba unajiandaa kufyatua. Bunduki ya mota, kama Stryfe ya zamani inayotumia betri nne za AA, ina raha yake, kwani unafyatua mfululizo bila kukoki. Lakini betri zikianza kuchoka vishale huanguka karibu, na mtoto hudhani bunduki imeharibika. Betri za kuchaji ni volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo nne zake hutoa 4.8 pale ambapo bunduki ilitarajia 6. Zitafanya kazi, ila kwa nguvu pungufu. Na mota inapogeuka kishale kikiwa kimekwama katikati ya magurudumu, usikichokoe kwa kisu. Zima, fungua mlango wa kuondolea kishale kilichokwama, ukivute.

Watu wazima wanaoufanya mchezo huu kuwa burudani yao wana ulimwengu tofauti, na hata huo ulijengwa na kishale. Mwaka 2005 wanafunzi wa Chuo cha Goucher, Maryland, walianzisha mchezo wa Humans vs. Zombies, ambao ulienea kwenye vyuo vingi vya Marekani na kwingineko. Katika mchezo wa watu wengi namna hiyo vishale huzagaa chini na kuokotwa na yeyote, kwa hiyo kipimo kimoja cha pamoja kilikuwa hitaji la kwanza. Baadaye mafundi waligundua kwamba ukikikata kishale cha Elite katikati na kubaki na kipande chenye kichwa, kinayumba kidogo zaidi na kinavumilia kasi kubwa. Vikaja vishale nusu vya kiwandani, vyenye urefu wa sentimita 3.6 hivi. Dart Zone ikatoa bunduki za Pro zilizotengenezwa kwa ajili yake, na Hasbro nayo ikafuata na Stryfe X. Ukiwa mpenzi wa dhati, nunua bunduki ya vishale nusu, na ujue kwamba umeondoka kwenye eneo la watoto. Hesabu yake ni hii: kishale cha gramu 1 kikienda mita 21 kwa sekunde kina nishati ya jouli 0.22, kikienda mita 30 kina jouli 0.45, kikienda mita 45, kasi ambayo bunduki hizi za Pro huifikia, kina jouli 1 na kidogo. Kasi ikiongezeka mara mbili, pigo huongezeka mara nne. Ndiyo maana maboksi ya Rival na ya Pro yameandikwa miaka 14, na ya Elite miaka 8, na sioni sababu ya kumpa mtoto wa miaka tisa bunduki ya Pro kwa kuwa "ni mkubwa kwa umri wake".

Macho yanahitaji maneno mazito zaidi ya yale yaliyochapwa kwa herufi ndogo kwenye boksi. Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, waliandika katika jarida la BMJ Case Reports kuhusu watu watatu, wawili watu wazima na mmoja mvulana wa miaka 11, waliopigwa jichoni na vishale vya bunduki za Nerf. Wote watatu walivuja damu sehemu ya mbele ya jicho, na mvulana alikuwa na uvimbe kwenye retina. Walipona, lakini madaktari walitaka miwani ya kinga ifikiriwe kwa wachezaji. Walieleza pia kwamba vishale vya bei nafuu visivyo vya kampuni yenyewe vinaweza kuwa na vichwa vigumu zaidi. Hoja hiyo inanigusa moja kwa moja, kwa kuwa nimekwisha kusifu vishale vya wazi na vya bei ndogo. Siikatai. Uwazi wa kipimo hukupa uhuru wa kuchagua, na uhuru huo una kazi yake: bonyeza kichwa cha kishale kwa kidole gumba kabla ya kununua mfuko mzima. Kikibonyea na kurudi, kinafaa. Kikikataa kubonyea kama kifuniko cha plastiki cha chupa ya soda, kiache dukani hata kama ni nusu ya bei. Na miwani ya kinga, ile ya fundi inayofunika pembeni, iwe sehemu ya zawadi. Vishale vya familia yoyote, ya wazi au iliyofungwa, huumiza jicho lisilofunikwa.

Wapo watakaosema kwamba tatizo si kishale wala jicho bali ni bunduki yenyewe, kwamba mtoto asipewe kitu cha umbo hilo. Katika nyumba ambazo bunduki halisi zimepita, na Waswahili wa mashariki mwa Kongo wanalijua hilo kuliko mimi, pingamizi hilo lina haki ya kusikilizwa kabla ya kununua. Muulize mama au baba wa mtoto. Akikataa, kuna pinde za sponji na mipira ya sponji. Akikubali, nunua yenye rangi za kelele, na usiipake rangi nyeusi kamwe. Sheria ya Marekani inataka bunduki za kuchezea zitambulike, ikiwemo kwa alama ya chungwa mdomoni, na sababu yake ni nzito: Novemba 2014, mjini Cleveland, polisi walimuua Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, aliyekuwa na bunduki ya kuchezea iliyofanana na ya kweli na ambayo alama hiyo ilikuwa imeondolewa. Wapenzi wa mchezo hupenda kuzipaka bunduki zao zionekane za kijeshi. Wasizitoe nje ya uwanja wa mchezo hata kwenye gari. Anayesafiri nayo kwa ndege aiweke kwenye sanduku la mizigo, si begi la mkononi.

Nikitakiwa kutaja majina: kwa mtoto wa miaka 8 hadi 12, Elite Disruptor au ndugu yake Elite 2.0 Commander, zote za springi zenye duara la vishale sita vinavyopakiwa kwa mbele, hazihitaji magazini ya kupotea. X-Shot za springi za ukubwa huohuo ni sawa nazo. Kwa ndugu wawili nunua bunduki mbili ndogo zinazofanana, hata kama fedha inatosha moja kubwa. Anayepigwa bila kurudisha atachoka ndani ya dakika kumi. Kwa kijana wa miaka 14 mwenye marafiki wanaocheza, muulize wenzake wanatumia nini na umnunulie hicho, kiwe Rival au vishale nusu. Toleo lenye jina la filamu au mchezo wa kompyuta lichunguzwe kwa nyuma: mengine yanakubali Elite, mengine ni Mega, na picha ya mbele haitakuambia.

Kabla ya kuifunga zawadi, fungua boksi, hesabu vishale, ongeza mfuko wa vya kujazia na miwani kwa kila mchezaji, na kama ni ya mota weka betri kando, zisikae ndani yake. Mwambie mwenye nyumba vishale vihifadhiwe kwenye mfuko wa kitambaa au kopo pana, vikiwa vimelala bila kubanwa, mbali na dirisha la jua. Vile vilivyokunjika visitupwe haraka: vilowekwe dakika moja kwenye maji ya moto kiasi, vinyooshwe kwa vidole, vianikwe kivulini hadi vikauke kabisa, kisha virudishwe kwenye bunduki.